Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Mwenyewe



Tafakari ya wiki hii haitokani na masomo ya Dominika. Inatokana na swali nililoulizwa nje ya kanisa Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, na ambalo limeninyima usingizi siku kadhaa.

Wengi wenu mnajua kwamba kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitafuta kununua ala moja ya kale ya muziki, tarumbeta kubwa la shaba ya manjano liitwalo ofikleidi. Wanabendi wetu wamenitania vya kutosha kwa sababu hiyo. Mwaka jana, tulipoadhimisha miaka 15 ya upadre wangu, mliniletea bahasha na kunisihi nijinunulie kitu ninachokipenda mwenyewe, si saruji wala mabati. Niliwaahidi kwamba siku nikiipata ofikleidi yangu mtakuwa wa kwanza kujua. Basi mwezi huu niliipata, au nilidhani nimeipata. Ilikuwa Ufaransa kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale, nzima kabisa, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Jumapili hiyo nilikuwa na furaha ya mtoto. Nikawaonyesha baadhi yenu picha katika simu. Mama mmoja mzee wa Jumuiya zetu akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza, "Padre, hii ni ya nani?" Nikaanza kumweleza kwa bidii habari za mafundi wa Paris wa karne ya 19. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Sikuulizi aliyeiunda, Padre. Nakuuliza mwenyewe ni nani."

Sikuwa na jibu. Miaka minne nilikuwa nimejifunza kila kitu kuhusu ala hiyo isipokuwa hilo. Naomba basi niyatangulize maoni yangu waziwazi, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: kitu cha kale ambacho haijulikani kilimtokaje mwenyewe hakifai kununuliwa, hata kikiwa adimu namna gani, na hata kama mnunuzi ana nia njema kama ya malaika. Lakini ili mwelewe jinsi jaribu lilivyokuwa tamu, sharti kwanza niwaeleze kitu chenyewe.

Nilipoingia seminari ndogo nilipangiwa kupuliza tuba kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nilikuwa mrefu kuliko wenzangu. Tuba ile ilikuwa imebonyea pande zote, na vali yake ya tatu ilikwama kila mvua iliponyesha, lakini niliipenda. Siku moja padri aliyetufundisha muziki alituambia kwamba tuba ni mtoto wa juzi. Kabla yake, alisema, kulikuwa na ala nyingine iliyobeba sauti ya chini kanisani na katika okestra, ikaja kusahauliwa kama mtumbwi siku mashua ya injini ilipofika. Neno lile halikunitoka.

Habari yenyewe huanzia kanisani. Kwa mapokeo yaliyoandikwa na Abbé Jean Lebeuf mwaka 1743, kanoni mmoja wa Auxerre huko Ufaransa, Edmé Guillaume, ndiye aliyebuni, yapata mwaka 1590, ala iliyoitwa serpenti, yaani nyoka. Lilikuwa bomba la mti lenye urefu wa karibu mita mbili na nusu, lililopindwapindwa kama nyoka anayeogelea, likavikwa ngozi na kutobolewa matundu sita ya vidole. Mpulizaji alitetemesha midomo katika kikombe kidogo, kama tufanyavyo kwenye tarumbeta. Kazi yake ilikuwa kuzishika sauti za waimbaji wa nyimbo za Kigregori zisiporomoke. Kwa zaidi ya miaka 200 nyoka huyo alikaa karibu na altare za Ufaransa bila kumdhuru mtu, hasa katika makanisa yasiyokuwa na kinanda.

Udhaifu wa serpenti ulikuwa huu: matundu yake yalitobolewa mahali vidole vinapofika, si mahali sauti inapotaka. Mpulizaji alilazimika kuikamilisha kila noti kwa midomo yake, na wasio hodari walisikika kama ng'ombe mwenye homa. Mwaka 1810 Joseph Halliday wa Dublin alipata hataza ya tarumbeta dogo la kijeshi lililowekewa vifuniko vya kubonyeza. Kwa vifuniko hivyo tundu laweza kuwa kubwa na kuwekwa mahali pake hasa, hata kama kidole hakifiki. Huko Paris, fundi Jean Hilaire Asté, ajulikanaye zaidi kwa jina la Halary, akaipeleka fikra hiyo hadi kwenye sauti za chini. Aliionyesha kazi yake mwaka 1817 na kupata hataza mwaka 1821. Akaiita ofikleidi, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la nyoka na la ufunguo.

Mkiiona hamtaisahau. Ni bomba la shaba lililokunjwa katikati, likisimama wima mbele ya mpulizaji na kupanuka taratibu hadi kwenye mdomo unaotazama juu. Ubavuni ina vifuniko 9 hadi 12, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja na mkono wake. Vifuniko vyote hukaa vimefunga isipokuwa kimoja kilicho karibu na ule mdomo mpana, ambacho hukaa wazi mpaka kibonyezwe. Sauti yake si nzito kama ya tuba, bali ina wepesi fulani, karibu na sauti ya mwanamume anayeimba kwa kifua kilicho wazi. Mendelssohn aliiandikia katika utangulizi wa A Midsummer Night's Dream, na tena katika oratorio ya nabii Eliya iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham mwaka 1846. Berlioz, katika Symphonie fantastique ya mwaka 1830, aliiweka pamoja na serpenti pale wimbo wa mazishi wa Dies irae unapoingia, kana kwamba alijua kwamba ala hizo mbili zilikuwa zimeusikia wimbo huo makaburini kwa miaka mingi.

Kisha zamu yake ikapita. Mwaka 1835 Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz walipata hataza ya tuba mjini Berlin, na vali zikawashinda wenye vifuniko. Makanisani, vinanda vidogo vya harmonium vilivyoenea kuanzia miaka ya 1840 vikachukua kazi ya kushika waimbaji. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza bendi kupiga kanisani, na ala za kupuliza zikaruhusiwa tu kwa masharti na kwa idhini ya askofu. Sam Hughes, mpulizaji mashuhuri wa mwisho wa ofikleidi nchini Uingereza, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1898.

Mtu ataniuliza, kwa nini ni adimu, ilhali shaba haiozi kama mti? Jibu ni kwamba shaba huyeyushwa. Kitu cha chuma kisicho na kazi huuzwa kwa kilo, na chenye umbo zuri hutobolewa na kutiwa waya kikawa taa ya sebuleni. Nimekutana na ofikleidi kadhaa katika utafutaji wangu zilizovikwa balbu. Nyingi za zile nzima zimo katika makumbusho kama yale ya Paris, Brussels na Edinburgh. Miaka ya karibuni wapulizaji wachache wameifufua, kama Nick Byrne wa Okestra ya Sydney aliyeirekodia albamu nzima, na zipo hata mpya zinazotengenezwa kwa kufuata mfano wa zile za kale. Lakini moyo wa binadamu, mwaujua. Mimi nilitaka ya kale.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Usiku, baada ya masifu na chakula, nilifungua intaneti na kupitia minada ya nchi nisizowahi kufika. Nilijifunza kumwomba muuzaji picha ya kila kifuniko, na kuuliza kama vipande vya ngozi vinavyoziba matundu bado vinabana, kwa kuwa tundu moja linalovuja hunyamazisha noti zote zilizo chini yake. Nilijifunza kwamba madoa ya rangi ya waridi katika shaba ni dalili ya zinki kutoka, na kwamba mahali hapo patatoboka. Nilijifunza kuiogopa shaba inayong'aa mno, kwa sababu aliyeisugua mara nyingi huwa amefuta hata chapa ya fundi. Shingo ile ndogo inayoingia mdomoni, ikiwa si yake ya asili, huharibu sauti ya ala nzima. Tena mtu aangalie kimo cha sauti, kwa maana Ufaransa iliweka kipimo cha mitetemo 435 mwaka 1859, bendi nyingi za Uingereza zilipiga juu zaidi, na sisi leo tunatumia 440. Ala nzuri isiyopatana na wenzake ni kama mwimbaji mwenye sauti tamu asiyemsikiliza kiongozi wa kwaya.

Nilijifunza pia kuchunguza kile kikombe cha kupulizia kimetengenezwa kwa nini. Katika ala za zamani hizo, hasa serpenti, vingi vilikuwa vya pembe za ndovu. Sisi Wakenya, ambao mwaka 2016 tulishuhudia tani 105 za pembe zikichomwa Nairobi, hatuwezi kujidai kwamba hatujui maana yake. Nikaapa kwamba chenye pembe sikitaki, hata kwa zawadi.

Tazameni basi jinsi mtu anavyoweza kuwa mwangalifu na bado akawa kipofu. Niliuliza juu ya ngozi, lehemu, zinki na ndovu. Juu ya mwenyewe sikuuliza.

Ile ofikleidi niliyoipata ilikuwa na alama mbili. Kwenye mdomo mpana palikuwa na chapa ya Gautrot wa Paris, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ala katika karne ya 19. Chini zaidi, kwenye bomba, palikuwa na herufi ndogo zilizochongwa kwa mkono: neno "Fabrique", likifuatwa na jina la mtakatifu na la kijiji. Kifaransa changu ni cha vitabuni, cha mtu aliyekisoma ili apite mtihani. Nililiona neno hilo nikafikiri ni kiwanda, yaani karakana ndogo iliyoiunda ala kwa niaba ya Gautrot, nikafurahi kwamba nimepata chapa mbili badala ya moja.

Baada ya swali la yule mama nilirudi nyumbani nikaitazama picha upya. Ndipo nikakumbuka somo la historia ya Kanisa nililolisikia nikisinzia. Katika Ufaransa ya karne ya 19, "fabrique" ya parokia haikuwa kiwanda cha kitu chochote. Ndilo lililokuwa jina la halmashauri iliyosimamia mali ya kanisa, ikapangwa upya kwa amri ya mwaka 1809 na kufutwa na sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha Kanisa na Serikali. Alama ile haikuwa ya aliyeiunda. Ilikuwa ya mwenyewe. Swali la yule mama lilikuwa limejibiwa kwa herufi juu ya shaba zaidi ya miaka 100 kabla hajaliuliza, nami niliyesoma seminari kuu nilipita juu yake kama mtu anayekanyaga kaburi gizani.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo ni vema walei walijue. Baada ya sheria ile ya mwaka 1905, Papa Pius X alikataa vyama vya ibada ambavyo Serikali ilitaka vipokee mali za Kanisa. Matokeo yake, kwa sheria zilizofuata mwaka 1907 na 1908, makanisa ya zamani ya parokia pamoja na vilivyokuwamo yalikuwa mali ya manispaa, yakaachwa mikononi mwa waamini kwa ajili ya ibada. Mali ya umma ya namna hiyo haiuziki, wala kupita kwa muda hakuihalalishi kwa aliyeichukua. Hata paroko hana ruhusa ya kuiuza, sembuse mpita njia aliyeikuta sakristia haijafungwa. Na upande wetu, Kanuni ya 1292 ya Sheria za Kanisa yadai idhini ya Kiti Kitakatifu kabla ya kuuza kitu chenye thamani ya sanaa au ya historia.

Nataka kuwa mwadilifu kwa muuzaji. Huenda halmashauri ya parokia ile iliiuza yenyewe kihalali kabla ya mwaka 1905, siku harmonium ilipofika na nyoka wa shaba akakosa kazi. Inawezekana kabisa. Lakini pia huenda ilitoka kanisani juzi, kwenye gunia. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haionekani kwenye picha. Huonekana kwenye karatasi, au kwenye kinywa cha mtu anayekubali kueleza.

Nilipompelekea yule mama salamu kwamba nimelielewa swali lake, alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunieleza, ingawa nimemtembelea nyumbani mara nyingi. Katika miaka ya 1980 kigango cha baba yake mkubwa kiling'olewa usiku. Kwa wasomaji wasio wa pwani yetu: vigango ni nguzo za mti zilizochongwa ambazo Wagiriama na jamaa zao huwasimamishia marehemu wazee wa Gohu. Asubuhi walikuta shimo. Hawakujua kilikopelekwa, na hawajui hata leo. Akasema, "Aliyekinunua huko hakuiba, Padre. Alilipa pesa nzuri. Lakini hakuuliza."

Huo si mkasa wa nyumba moja. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa familia moja ya Wamijikenda vilionekana baadaye katika makumbusho mawili ya Marekani, vikarudishwa mwaka 2007. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kwamba yangerudisha 30. Katika safari hiyo yote, kutoka shimoni hadi kabati la kioo, palikuwa na mikono mingi iliyolipa bila kuuliza, na kila mkono uliona ule uliotangulia umetosha kuusafisha mzigo. Wako waliojitetea kwamba nguzo zile zilikuwa zimeachwa ziliwe na mchwa, na kwamba wao wameziokoa.

Najua wengine watashangaa padri kuzungumzia vigango kwa heshima. Sizungumzii imani hapa. Nazungumzia mali ya mtu na kaburi la mzee wake, na amri ya saba haikuandika dini ya anayeibiwa.

Nasi watu wa pwani tuna ala ya shaba ya kwetu inayoweza kutufundisha jambo hilihili. Katika makumbusho ya Lamu ziko siwa mbili mashuhuri: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba. Hupulizwa ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta. Siwa haikuwa ya kila mwenye mapafu. Ilipulizwa katika kutawazwa kwa watawala na katika sherehe za waungwana, na aliyekuwa nayo alikuwa na ushahidi wa utawala. Fikirini sasa tajiri mmoja wa mbali, mpenzi wa kweli wa muziki, akiiona siwa ya Lamu katika mnada na kuandika kwa furaha kwamba hatimaye ameipata ala adimu aliyoitafuta miaka minne. Sisi tungesema nini? Tungemwuliza kama ameangalia lehemu na zinki? Tungepiga kelele kwamba hiyo ina wenyewe. Basi kijiji kile cha Ufaransa, hata kama leo kina watu wachache na kanisa lake hufunguliwa mara moja kwa mwezi, nacho kina wenyewe.

Nimeyasikia mapingamizi, mengine kutoka kwenu na mengine kutoka moyoni mwangu, na sitayakimbia.

La kwanza lasema, "Lakini Padre, hiyo si kigango. Ni chuma cha kupulizia." Ni kweli. Uzito wa mambo haya mawili haulingani, na ningemkosea yule mama kama ningeyalinganisha. Lakini swali la mwenyewe ni lilelile kwa kikubwa na kwa kidogo. Asiyeliuliza kwa tarumbeta hatajizoeza kuliuliza kwa kaburi.

La pili ndilo gumu, nalo lilinisumbua usiku. "Usipoinunua wewe, ataichukua mwingine aifanye taa. Wewe ungeipuliza. Si afadhali wewe?" Nakiri kwamba nililipenda pingamizi hili kupita kiasi, nalo lilivaa mavazi ya upendo. Lakini ndilo neno lilelile la waliosema wameokoa nguzo kutoka kwa mchwa. Biashara ya vitu vilivyoibwa haiendeshwi na wezi peke yao, kwa maana mwizi hana haja ya nguzo wala ya ofikleidi. Huendeshwa na wapenzi wa vitu vizuri, kila mmoja akiamini kwamba kwake kitakuwa salama zaidi. Tukiondoka sisi wenye nia njema, bei hushuka na safari ya usiku haimlipi mwizi.

La tatu ni la fedha. Kuna aliyeniuliza kwa nini padri atumie akiba juu ya chombo cha Wazungu waliokufa, na huku kuna paa linalovuja. Namheshimu aliyeuliza. Jibu langu ni kwamba fedha hiyo mlinipa mkijua ninachokipenda, na kwamba vijana wa bendi wangejifunza juu ya ala hiyo jambo ambalo kitabu hakiwafundishi. Hata hivyo nilijiwekea mpaka wa bei, na kila nilipojikuta nikiusogeza mpaka huo mbele kidogo, nilijua kwamba si muziki tena unaonisukuma. Kutafuta kitu adimu kuna ulevi wake. Mtu huanza kwa kuipenda sauti, akaishia kuupenda ushindi wa kuwa nacho.

Basi nilimwandikia muuzaji maswali matatu. Uliipata kwa nani? Ilitoka lini katika kanisa lililoandikwa juu yake? Kuna hati yoyote ya mauzo? Baada ya siku mbili alijibu kwa ufupi kwamba aliinunua katika soko la vitu vikuukuu, kwamba hana karatasi, kwamba kuna mnunuzi mwingine anayesubiri, na kwamba kwa ajili yangu angepunguza bei. Niliuliza juu ya mwenyewe nikajibiwa kwa bei. Hapo nikasadiki kwamba sistahili kuendelea. Sikumshtaki kwa lolote, kwa kuwa sina ushahidi. Nilimshukuru nikakataa. Kisha nikaiandikia ofisi ya meya wa kijiji kile, nikaambatisha picha ya herufi zilizochongwa, nikaeleza nilipoiona. Hadi leo sijapata jibu. Huenda halitakuja.

Sitawadanganya kwamba nina amani tele. Jana usiku nimeitazama picha tena. Vifuniko vyote vipo, na shingo ni yake.

Jambo moja lakini limenishika zaidi ya majuto. Kama parokia ile ingekuwa na orodha ya vitu vyake, hata ukurasa mmoja wenye picha, leo kungekuwa na mtu wa kusema "ni yetu" au "tuliiuza kwa haki". Nikajiuliza, sisi tunayo? Katika sakristia yetu kuna kengele ya zamani, kalisi mbili za enzi za wamisionari, vitabu vya ubatizo vya wazee wetu, na lile baragumu lililo juu ya kabati ambalo hakuna ajuaye lilitoka wapi. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa mahali popote. Nimewaomba wajumbe wa halmashauri ya parokia tuanze mwezi huu kupiga picha kila kitu na kuandika kilivyotufikia, na pale tusipojua tuandike kwamba hatujui. Nanyi nyumbani, wenye milango ya kuchonga, masanduku ya babu na vyungu vya bibi, waulizeni wazee wangali hai, mwandike. Na atakayefikiwa na mgeni mwenye pesa akitaka "kitu chochote cha zamani", asione haya kumwambia angoje.

Utafutaji wangu unaendelea. Bahasha yenu iko palepale ilipokuwa, katika kabati la ofisi, na mhasibu anayo hesabu yake. Nikiipata ofikleidi nyingine nitawaonyesha picha kama kawaida, ila safari hii nitakuwa na jibu mkononi kabla sijaulizwa.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko